UCHAMBUZI: Vipimo vya umbali vyatia nadharia ya ulimwengu mizanini

NADHARIA kuu inayoeleza asili na mwenendo wa ulimwengu inapitia mtihani mgumu. Mtihani wenyewe unahusu jambo ambalo wengi wangedhani lilitatuliwa zamani: umbali uliopo kati ya Dunia na galaksi nyingine.

Makundi mawili ya wanasayansi yamepima kasi ya kutanuka kwa ulimwengu kwa njia mbili tofauti, na kila kundi lina hakika na hesabu zake. La kwanza linapata takriban kilomita 73 kwa sekunde kwa kila megaparseki moja. La pili linapata takriban kilomita 67.

Megaparseki ni umbali ambao nuru huchukua miaka milioni 3.26 kuusafiri. Kwa hivyo, galaksi iliyo umbali wa megaparseki 100 inajitenga na Dunia kwa kasi ya kilomita 7,300 kwa sekunde kwa hesabu ya kundi la kwanza, na kilomita 6,740 kwa hesabu ya kundi la pili.

Tofauti hiyo ya asilimia nane hivi yaweza kuonekana ndogo. Hata hivyo, vipimo vyenyewe vimekuwa vya makini mno. Kundi linaloongozwa na Adam Riess wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, lilitoa mwaka 2022 jibu la 73.04, likikiri uwezekano wa kukosea kwa 1.04 pekee. Matokeo ya mwisho ya setilaiti ya Ulaya iitwayo Planck, yaliyotolewa mwaka 2018, yalikuwa 67.4 na kosa la 0.5.

Uwezekano wa majibu hayo mawili kutofautiana kiasi hicho kwa bahati tu ni chini ya mara moja katika milioni. Ni nani basi aliyekosea? Ama huenda hakuna aliyekosea, na kinachopaswa kubadilika ni nadharia yenyewe?

Historia ya fani hii imewahi kutoa majibu ya aina zote mbili. Mwaka 1952 ilibainika kwamba vipimo ndivyo vilivyokuwa na kasoro. Mwaka 1998 vipimo vilikuwa sawa, na nadharia ndiyo iliyolazimika kukubali yaishe. Mjadala wa sasa unahusu ni upi kati ya miaka hiyo miwili unaojirudia.

Karabai za angani

Hakuna kamba inayoweza kunyooshwa hadi kwenye galaksi. Mwanafalaki hana budi kutegemea nuru, kama afanyavyo mtu aliye ufuoni usiku.

Kwa miaka mingi wavuvi wa omena katika Ziwa Victoria wametumia karabai kuwavutia samaki gizani. Aliyesimama ufuoni, akijua kwamba taa zote zina nguvu sawa, anaweza kukadiria ni mashua ipi iliyo karibu na ipi iliyo mbali kwa kutazama tu mwanga unaomfikia. Taa iliyo mbali mara mbili humfikia ikiwa na robo tu ya mwanga.

Angani pia zimo taa za namna hiyo. Mnamo 1912, Henrietta Leavitt, mtafiti wa Harvard nchini Marekani, alionyesha kwamba nyota aina ya Sefeidi, ambazo mwanga wake hupanda na kushuka kwa mpangilio, hufuata kanuni moja: zile zinazochukua muda mrefu zaidi kukamilisha mzunguko wao ndizo zenye nuru kali zaidi. Mtafiti akihesabu siku za mzunguko, anajua nguvu ya taa. Akiijua nguvu ya taa, anaujua umbali.

Vipimo hivi hupangwa kama ngazi. Kwenye kidato cha kwanza, umbali wa nyota za jirani hupimwa kwa jiometri, kwa kuwa Dunia inapolizunguka Jua nyota hizo huonekana kusogea kidogo mbele ya zile za mbali. Chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 na kuendelea na uchunguzi wake hadi 2025, kilitazama karibu nyota bilioni mbili kwa njia hiyo.

Kidato cha pili ni Sefeidi, ambazo huonekana hata katika galaksi nyingine. Cha tatu ni supanova za aina ya Ia, yaani milipuko ya nyota inayong'aa kwa nguvu zinazokaribiana, na inayoonekana kutoka umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru.

Ubora wa ngazi hiyo ndio pia udhaifu wake. Kosa dogo likiingia kwenye kidato cha chini, hubebwa hadi kileleni.

Kosa la 1952

Georges Lemaître, kasisi na mwanafizikia wa Ubelgiji, alikokotoa mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Miaka miwili baadaye, Edwin Hubble wa Marekani alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyojitenga kwa kasi kubwa zaidi. Nuru ya galaksi hizo huwa imevutwa kuelekea rangi nyekundu, na kiasi cha mvuto huo ndicho kinachoifichua kasi.

Hesabu ya Hubble ilikuwa takriban kilomita 500 kwa sekunde kwa kila megaparseki. Tatizo lilijitokeza papo hapo. Ukirudisha nyuma mwendo wa kasi hiyo, unapata ulimwengu wenye umri wa takriban miaka bilioni mbili, ilhali miamba ya Dunia ilikuwa ikionyesha umri mkubwa zaidi. Mtoto alionekana kumzidi mama yake umri.

Wapo waliotumia kasoro hiyo kuipinga dhana nzima ya ulimwengu unaotanuka. Lakini mwaka 1952, katika mkutano wa wanafalaki wa kimataifa mjini Rome, Walter Baade alieleza kwamba Sefeidi ni za aina mbili, na kwamba watangulizi wake walikuwa wamezichanganya. Ni kana kwamba mtazamaji wa ufuoni alidhani mashua zote zina kandili, kumbe baadhi zilikuwa na karabai. Taa zilikuwa kali kuliko alivyodhani. Kwa hivyo zilikuwa mbali zaidi.

Marekebisho hayo yaliongeza maradufu umbali wa galaksi, na umri wa ulimwengu nao ukaongezeka. Nadharia ilinusurika. Kosa lilikuwa kwenye ngazi.

Hata baada ya hapo utulivu haukupatikana. Kwa miongo kadhaa, Allan Sandage na wenzake walishikilia jibu lililokaribia 50, huku Gérard de Vaucouleurs akitetea jibu lililokaribia 100. Kila upande uliamini kwamba kosa lake lilikuwa dogo. Mradi wa darubini ya angani ya Hubble, ulioongozwa na Wendy Freedman na wenzake, ulipotoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2001, jibu lilikuwa 72, katikati ya kambi hizo mbili.

Ugunduzi wa 1998

Mambo yalikwenda kinyume mwaka 1998. Makundi mawili yaliyokuwa yakishindana, moja likiongozwa na Saul Perlmutter na jingine na Brian Schmidt akishirikiana na Riess, yalipima supanova za mbali yakitarajia kuona jinsi uvutano unavyopunguza kasi ya ulimwengu. Badala yake, milipuko hiyo ilikuwa hafifu kuliko ilivyotarajiwa. Ilikuwa mbali zaidi. Mwendo wa ulimwengu ulikuwa ukiongezeka.

Shaka ya kwanza ilikuwa ya kawaida: huenda vumbi la angani lilikuwa likizifunika taa, au taa za kale hazikuwa na nguvu sawa na za leo. Shaka hizo zilichunguzwa moja baada ya nyingine. Kufikia 2004, supanova za mbali zaidi zilizopatikana kwa darubini ya Hubble zilionekana kung'aa kuliko ambavyo zingeng'aa kama vumbi ndilo lililokuwa sababu.

Kilichoupa ugunduzi huo uzito zaidi ni mashahidi wengine ambao hawakutegemea supanova hata kidogo. Vipimo vya mnururisho mkongwe wa ulimwengu na vya mpangilio wa galaksi vilifikia uamuzi uleule. Perlmutter, Schmidt na Riess walituzwa Nobeli ya fizikia mwaka 2011.

Hapo ndipo nadharia sanifu ya leo ilipopata sura yake. Inasema kwamba asilimia tano hivi pekee ya ulimwengu ni maada ya kawaida, ile inayounda nyota, milima na miili ya watu. Takriban asilimia 27 ni maada ya giza, inayojulikana kwa uvutano wake tu. Asilimia 68 iliyosalia ni nishati ya giza, inayousukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi. Nadharia inachukulia kwamba nguvu ya nishati hiyo haibadiliki katika zama zote.

Maana yake ni kwamba asilimia 95 ya ulimwengu imepewa majina kabla ya kujulikana ni kitu gani. Ndiyo sababu kila kipimo kipya cha umbali ni kama hati ya ukaguzi wa hesabu. Kiasi kikikosa kulingana, ni lazima mtu aulizwe.

Rula iliyoganda

Taa si chombo pekee cha kupimia. Ipo pia rula, na hiyo ndiyo inayotegemewa na kambi ya pili.

Kwa takriban miaka 380,000 ya mwanzo, ulimwengu ulikuwa mchanganyiko wa moto ambamo mawimbi yanayofanana na ya sauti yalisafiri. Ulipopoa, mawimbi hayo yaliganda yalipofikia. Alama zake zimo katika mnururisho wa mikrowevu uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson katika miaka ya 1964 na 1965, na ambao Planck iliupima kwa makini kupindukia.

Alama hizohizo zimo pia katika mpangilio wa galaksi. Leo hii, galaksi hupendelea kidogo kutengana kwa umbali wa karibu miaka ya nuru milioni 490. Mwaka 2005, makundi mawili ya watafiti yalitangaza kuiona dalili hiyo kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa urefu wa rula unajulikana, mwanafalaki akiona jinsi inavyoonekana fupi au ndefu angani, anajua iko umbali gani.

Taa na rula zinaweza pia kukaguana. Mwaka 1933, Mwingereza I.M.H. Etherington alithibitisha kwa hesabu kwamba umbali unaopatikana kwa ung'avu na ule unaopatikana kwa ukubwa wa kuonekana lazima ufungamane kwa kanuni moja isiyobadilika, mradi nuru haipotei njiani. Kanuni hiyo ingevunjika, msingi wenyewe wa fani hii ungetikisika. Hadi sasa vipimo havijaivunja.

Jambo hilo linafaa kusisitizwa, kwa sababu mzozo wa 67 na 73 umewapa baadhi ya watu kisingizio cha kudai kwamba nadharia ya Mlipuko Mkuu imekufa. Hakuna kati ya kambi hizo mbili inayopinga kwamba ulimwengu unatanuka, wala kwamba ulianza ukiwa moto na msongamano mkubwa. Kinachobishaniwa ni kilichomo ndani yake na jinsi kilivyotenda tangu hapo.

Shahidi wa tatu

Ili kutatua mvutano, wanasayansi wamegeukia mashahidi wengine. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ilizitazama upya Sefeidi ambazo Hubble ilikuwa imezipima. Wapo waliohofia kwamba nuru ya nyota jirani ilikuwa ikichanganyika na ya Sefeidi na kupotosha hesabu. Kundi la Riess liliripoti kwamba Webb, yenye macho makali zaidi, haikuona kosa la kutosha kuelezea tofauti hiyo.

Hata hivyo, Freedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakitumia darubini hiyohiyo lakini wakitegemea zaidi nyota nyekundu zilizozeeka, walichapisha mwaka 2025 jibu la takriban 70.4. Kwa kuzingatia kiwango cha makosa waliyokiri, jibu hilo haliko mbali sana na kambi yoyote.

Kwa upande wa rula, darubini ya Atacama nchini Chile ilitoa mwaka 2025 vipimo vyake vya mwisho vya mnururisho mkongwe, na vikakubaliana na Planck. Ni vigumu basi kudai kwamba setilaiti ya Ulaya ilikuwa mbovu.

Shahidi asiyehitaji ngazi wala rula alijitokeza Agosti 17, 2017. Mitambo ya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia ilinasa mawimbi ya uvutano ya nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi iliyo takriban miaka ya nuru milioni 130 kutoka Duniani. Mawimbi yenyewe hutaja umbali wake. Jibu lilikuwa 70, lakini kosa lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuzikaribisha kambi zote mbili. Itahitajika migongano mingi zaidi kabla ya ushahidi huo kuwa na uamuzi.

Nao wananadharia hawajakaa kitako. Baadhi wamependekeza kwamba aina nyingine ya nishati ya giza ilijitokeza kwa muda mfupi mwanzoni, ikaifanya rula iwe fupi kuliko inavyodhaniwa. Rula ikiwa fupi, 67 hupanda kuelekea 73. Lakini dawa hiyo ina madhara yake: huelekea kuifanya maada ijikusanye kupita kiasi kinachoonekana angani. Hadi leo halijapatikana pendekezo linaloziba ufa mmoja bila kufungua mwingine.

Dalili kutoka Arizona

Mvutano wa pili ulizuka Aprili 2024, na unagusa nishati ya giza moja kwa moja. Mradi uitwao DESI, unaotumia nyuzi 5,000 za kunasa nuru kwenye darubini ya Mayall katika kilima cha Kitt Peak, Arizona, ulitumia rula ya galaksi kuchora historia ya kutanuka kwa ulimwengu. Kufikia Machi 2025 ulikuwa umetoa matokeo ya zaidi ya galaksi na kwasa milioni 14.

Data hiyo ilipounganishwa na ya Planck na ya supanova, ilionyesha dalili kwamba nishati ya giza huenda inadhoofika kadiri wakati unavyopita. Nguvu ya dalili ilitofautiana kati ya sigma 2.8 na 4.2, kulingana na mkusanyo wa supanova uliotumika. Wanafizikia huhitaji sigma tano kabla ya kutangaza ugunduzi.

Matokeo kama hayo yakithibitika, dhana ya nguvu isiyobadilika itaanguka, na hata utabiri kuhusu hatima ya ulimwengu utalazimika kuandikwa upya. Lakini kutofautiana kwenyewe kwa sigma hizo kulikuwa onyo. Ikiwa jibu linategemea ni taa za nani zilizotumika, basi taa ndizo zinazopaswa kukaguliwa kwanza.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwishoni mwa 2025, watafiti wa mradi wa DES, wenye mkusanyo uliotoa ile 4.2, walisahihisha upya jinsi walivyopima mwanga wa supanova zao, na nguvu ya dalili ikashuka hadi 3.2. Haikutoweka, ila ilipungua kwa sababu ya kazi ya fundi anayekagua mizani yake. Hiyo ni harufu ya 1952.

Malindi haiko mbali

Pwani ya Kenya imewahi kuchangia katika kazi hii ya kupima umbali wa angani. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Uhuru ilisaidia kuonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali, na makundi hayo leo ni miongoni mwa vipimo vya nadharia sanifu.

Kituo hichohicho cha Malindi ndicho kilichopokea data ya setilaiti ya Italia, BeppoSAX. Mwaka 1997, data hiyo iliwawezesha watafiti kutambua mahali milipuko ya miali ya gama ilikotokea, na kuthibitisha kwamba ilitoka umbali wa mabilioni ya miaka ya nuru wala si ndani ya galaksi hii. Mabishano ya miaka mingi yalimalizwa na kipimo cha umbali.

Kenya pia ni mojawapo ya mataifa ya Afrika yaliyoshirikishwa katika mpango wa darubini ya redio ya SKA, inayojengwa Afrika Kusini na Australia. Vijana wanaotaka kushiriki katika mjadala huu hawahitaji kusubiri usikike kutoka ng'ambo.

Uamuzi utatoka wapi

Ukiilinganisha hali ya sasa na historia, kipimo cha haki kinajitokeza. Kilichotofautisha 1998 na 1952 si ukubwa wa tofauti iliyoonekana wala umaarufu wa waliotangaza. Ni kwamba mashahidi wasiohusiana walitoa ushahidi mmoja.

Kwa kigezo hicho, mvutano wa 67 na 73 bado haujakomaa. Upande wa rula una mashahidi kadhaa wanaoafikiana, lakini wote wanaitegemea nadharia ileile ili kuurefusha ushahidi wao kutoka ulimwengu mchanga hadi wa leo. Upande wa taa hauitegemei nadharia hiyo, lakini mashahidi wake hawajaafikiana wao kwa wao: Sefeidi zinasema 73, nyota nyekundu zinasema 70.

Ikiwa ngazi zote zitakutana karibu na 73, nadharia sanifu haitakuwa na pa kujificha. Zikikutana karibu na 68, itakuwa imepona tena, na tofauti iliyotikisa ulimwengu wa wasomi itawekwa kwenye rafu moja na Sefeidi za Baade.

Chombo cha Ulaya cha Euclid, kilichorushwa Julai 1, 2023, na darubini ya Vera Rubin nchini Chile, iliyotoa picha zake za kwanza Juni 2025, zitaongeza idadi ya taa na rula kwa kiasi kisichowahi kuonekana. Lakini wingi wa taa pekee hautoshi. Hubble naye alikuwa na taa za kutosha mwaka 1929. Alichokosa ni kujua kwamba hazikuwa za aina moja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika elimu ya falaki njia hiyo imewahi kuchukua miaka 23, tangu hesabu ya Hubble hadi mkutano wa Rome. Mvutano wa sasa ulianza kujitokeza mwaka 2013, matokeo ya kwanza ya Planck yalipotolewa, na bado uko ndani ya muda huo.